Pistoni Isioshwe Kabla Haijasomwa

Pistoni ikishachomolewa kwenye injini ya dragi yenye supachaja, mkono wa fundi hukimbilia kitambaa na petroli ya kuoshea. Uzuie mkono huo. Masizi, mistari, madoa ya alumini na rangi ya oili iliyobaki juu ya pistoni ndiyo ushahidi wote ulio nao. Ukishaosha, umebaki na kipande safi kisicho na la kukueleza. Mwongozo huu ni kwa ajili yako unayetaka kujua kwa nini pistoni au ukuta wa silinda umelika, maana kuona kwamba umelika hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anaweza. Kubadilisha pistoni ni kazi ya saa chache. Kubadilisha pistoni ya silinda ileile kila baada ya mbio mbili ni kazi ya mtu ambaye hakuuliza swali mapema.

Injini ninayoizungumzia ni V8 ya Kimarekani inayotumia methanoli: supachaja ya aina ya Roots au ya skrubu juu yake, bloku ya alumini yenye laina za chuma, na pistoni za alumini iliyofuliwa. Ndizo zinazokimbia katika madaraja ya Top Alcohol ya NHRA, chama cha mbio za dragi cha Marekani kilichoanzishwa na Wally Parks mwaka 1951. Wakubwa zao, Top Fuel, hunywa nitromethani isiyozidi asilimia 90, na tangu 2008 hukimbia futi 1,000, yaani mita 305, badala ya robo maili kamili ya mita 402. Timu za Top Fuel hufungua injini baada ya kila mkimbio, kwa hiyo kwao swali la kufungua au kutofungua halipo. Wewe wa methanoli au petroli unaweza kukimbia tena bila kufungua, na hapo ndipo kujua kupima kunapokuokolea bloku. Mashine hizi hazipo Marekani peke yake. Qatar na Bahrain wana njia za dragi, na timu ya Al-Anabi ya Qatar ilitwaa ubingwa wa Top Fuel wa NHRA miaka ya 2010, 2011 na 2013.

Kinachoila injini hii

Injini ya basi hulika kwa kilomita. Hii hulika kwa sekunde, na nyingi ya sekunde hizo si zile za mbio zenyewe. Ni za kuwasha ikiwa baridi, kuipasha moto, kuchoma matairi kabla ya kujipanga, na kurudi nyuma hadi mstarini. Muda huo wote pistoni bado haijatanuka kujaza silinda yake, na methanoli inamwagika kwa wingi.

Wingi huo uuelewe kwa tarakimu. Petroli huhitaji takriban sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya mafuta, kwa uzito. Methanoli huhitaji kama 6.4, na nitromethani kama 1.7 tu. Maana yake, kwa hewa ileile injini ya methanoli hunyweshwa mafuta zaidi ya mara mbili ya yale ya petroli, na mafundi wa mbio huzidisha juu ya hapo ili kupooza vyumba vya mwako. Kisichoungua huteremka ukutani, huosha utando wa oili ambao ringi na sketi ya pistoni huutegemea, kisha huishia kwenye sampu. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, jua kwamba ukuta wa silinda umekuwa ukisuguliwa mkavu kwa vipindi. Wenye uzoefu huimwaga ikiwa bado ya moto baada ya mikimbio michache tu. Atakayeona hiyo ni anasa alinganishe bei ya galoni za oili na bei ya laina nane.

Jambo la pili ni nafasi kati ya pistoni na ukuta. Pistoni za mashindano hutengenezwa zaidi kwa aloi mbili za alumini. 4032 ina silikoni ya karibu asilimia 12, haitanuki sana, na huweza kukaa karibu na ukuta. 2618 haina silikoni ya kutajika. Ni ngumu kupasuka, inavumilia mapigo ya supachaja, lakini hutanuka zaidi na sketi yake hulika haraka. Piga hesabu mwenyewe: pistoni ya kipenyo cha milimita 105 ikipanda joto kwa nyuzi 100 za Selsiasi huongezeka kama milimita 0.24, na laina ya chuma kwa joto hilohilo huongezeka kama 0.12. Nafasi imepungua kwa milimita 0.12, na hapo tumeichukulia laina kuwa ya moto sawa na pistoni, jambo ambalo si kweli. Ndiyo maana pistoni za 2618 kwenye injini za methanoli zenye supachaja mara nyingi hufungwa na nafasi ya milimita 0.13 hadi 0.18. Namba yako halali ni ile iliyo kwenye karatasi iliyokuja na pistoni. Namba ya injini ya jirani haikuhusu, hata kama jirani anashinda.

Kwa nafasi kubwa namna hiyo, pistoni ya 2618 itagongagonga ikiwa baridi. Usiutibu mlio huo. Ukiendelea baada ya injini kupata joto, hapo ndipo uanze kushuku.

Kabla ya kufungua

Anzia kwenye kipumulio. Gesi zinazopenya ringi huingia kwenye sampu na kutokea huko, zikibeba oili hadi kwenye chupa ya kukusanyia. Ukiona chupa inajaa kuliko ilivyozoea, ringi au ukuta mmojawapo umelegea. Kama injini ina pampu ya kunyonya hewa kutoka kwenye sampu, chupa inaweza kukudanganya kwa kubaki kavu. Tazama basi geji ya pampu hiyo: mvutano ukishuka kutoka kiwango chake cha kawaida kwa kasi ileile ya injini, ujumbe ni uleule.

Kisha kata filta ya oili. Usiitupe nzima kamwe. Ikunjue karatasi yake juu ya trei safi chini ya mwanga, upitishe sumaku. Kinachonata ni chuma: laina, ringi, au sehemu nyingine za chuma kama vile kemu na roka. Kinachong'aa na kukataa sumaku ni alumini, na mshukiwa wa kwanza ni sketi ya pistoni. Vipande laini vyenye rangi ya risasi au shaba ni vya beringi, na hivyo vina habari zake, nitavirudia.

Plagi zisome zote nane kwa mpangilio wa silinda, zikiwa zimelazwa mezani jinsi zilivyokaa kwenye injini. Vidoa vya kijivu vinavyometa juu ya kauri nyeupe ni alumini iliyoyeyuka ikaruka, na kwa kawaida hutoka kwenye uso wa juu wa pistoni. Hapa injini yenye supachaja ina mtego wake ambao vitabu vya injini za kawaida havina haja ya kuutaja: supachaja yenyewe ni ya alumini. Rota zikigusana au zikigusa kasha, unga wake huteremka moja kwa moja kwenye silinda. Kabla hujaihukumu pistoni, ondoa kofia ya kuingizia hewa, zungusha rota kwa mkono, tazama kama kuna mikwaruzo mipya kwenye kasha au utepe wa teflon uliochanika. Dalili ya kutofautisha ni hii: unga wa supachaja hutapakaa kwenye silinda kadhaa, alumini ya pistoni huonekana kwenye moja au mbili.

(Supachaja za Roots za mbio hizi ni wazao wa vipuliza hewa vya injini za dizeli za GMC za mfululizo wa 71. Jina 6-71 lilimaanisha silinda sita zenye inchi 71 za ujazo kila moja. Ya Top Fuel huitwa 14-71, ingawa injini ya silinda kumi na nne haikuwepo.)

Sasa pima kuvuja. Kipimo cha kompresheni ya kawaida hakifai sana hapa. Hutegemea kasi ya stata, chaji ya betri na muda wa valvu za kemu ya mashindano, na kitakupa namba ya chini hata kama injini ni nzima. Kipimo cha kuvuja huingiza hewa yenye shinikizo linalojulikana, kwa kawaida psi 100, pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zote zimefungwa, kisha huonyesha asilimia inayopotea. Funga kranki isizunguke, maana hewa hiyo ina nguvu ya kukuvunja vidole. Na kabla ya yote zungusha injini bila plagi ili mafuta yaliyobaki yatoke, mbali na cheche yoyote: mwali wa methanoli hauonekani mchana, na mtu huungua kabla hajajua kuna moto.

Chini ya asilimia 5 ni hali nzuri. Kati ya 10 na 15 anza kuuliza maswali. Ikikaribia 20, fungua. Ila usiziabudu namba hizi. Ringi za injini yenye supachaja huachiwa mwanya mkubwa, na pistoni nyingi zina vitundu vya kupeleka gesi nyuma ya ringi ya juu ili shinikizo la mwako liikandamize ukutani. Kwa psi 100 za kompresa ringi hiyo haijapata hata sehemu ndogo ya msukumo wake, hivyo injini nzima yaweza kuonekana inavuja. Kinachoamua ni tofauti: silinda moja dhidi ya saba zilizobaki, na leo dhidi ya wiki iliyopita. Silinda saba zikiwa na 8 na moja ina 17, hiyo moja ina kisa.

Hewa inavujia wapi, sikio litakuambia. Mlio kwenye kofia ya supachaja ni valvu ya kuingizia, kwenye bomba la ekzosi ni valvu ya kutolea, kwenye kipumulio au tundu la kujazia oili ni ringi na ukuta. Ikiwa ni ringi, tia vijiko viwili vya oili kupitia tundu la plagi, zungusha injini kidogo, pima tena. Namba ikishuka vizuri, ringi au ukuta umelika. Isiposhuka, huenda pistoni imepasuka au ina tundu. Malizia kwa kamera ya uzi kupitia tundu hilohilo. Tafuta mistari ya wima ukutani, na sehemu ambazo michoro ya kupishana iliyoachwa na mashine ya kunolea silinda imefutika ikabaki kioo.

Baada ya kufungua

Kabla ya kuchomoa pistoni yoyote, piga alama ya silinda yake na upande wa mbele. Bila hilo hutajua upande wa msukumo, na karibu kila kitu kinategemea upande huo. V8 za Kimarekani kwa kawaida huzunguka kisaa ukizitazama kwa mbele. Wakati wa mwako konrodi huegemea upande mmoja na pistoni husukumwa kwenye ukuta wa kulia wa gari, kulia kwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha dereva. Kwa safu ya silinda ya kulia, huo ni ukuta wa nje, upande wa ekzosi. Kwa safu ya kushoto ni ukuta wa ndani, chini ya supachaja. Alama nyepesi upande huo ni za kawaida. Alama nzito upande wa pili, au pande ambako pini ya pistoni inaelekea, si za kawaida.

Mchubuko mpana upande wa msukumo, alumini ikiwa imepakazika, pande nyingine safi: utando wa oili uliondoka. Linganisha na oili uliyomwaga. Kama ilikuwa na maziwa, umepata mkosaji, na dawa yake iko kwenye mafuta ya kuwashia na kupashia moto. Kuongeza nafasi ya pistoni hakutakusaidia kitu.

Michubuko minne, miwili kila upande, karibu na mashimo ya pini: joto. Hapo ndipo pistoni ina nyama nene, na hapo hutanuka kupita sehemu nyingine. Ama injini ilisukumwa kabla laina hazijapata joto, ama silinda ilikosa mafuta, ama nafasi ilipimwa vibaya tangu mwanzo. Hili la mwisho hutokea mara nyingi kuliko mafundi wanavyokiri. Pistoni si duara kamili wala si bomba lililonyooka: ni nyembamba juu, na pana zaidi mahali fulani kwenye sketi, pembe mraba na pini. Mtengenezaji hutaja mahali hapo kwa milimita. Ukipima sentimita moja juu yake, utasoma nafasi ambayo haipo.

Sketi iliyofubaa kijivu pande zote, yenye mistari mingi myembamba ya wima, na ringi zilizokonda: vumbi. Injini nyingi za dragi zenye supachaja hazina filta ya hewa, kofia yake iko wazi juu ya bonneti ikimeza vumbi la njia na chembe za mpira wa matairi. Kifuniko cha kofia kivalishwe mara injini inapozimwa na kivuliwe dakika ya mwisho. Kwenye viwanja vyetu vya udongo mwekundu sioni mjadala hapo.

Alama zikienda mshazari, juu upande mmoja wa pini na chini upande wa pili, achana na pistoni kwanza, kapime konrodi. Imepinda.

Ringi zitoe moja moja, utazame ncha zake kwa kioo cha kukuzia. Ncha zinazong'aa kama zimepigwa msasa zimekuwa zikigusana: mwanya ulikuwa mdogo, ringi ilipotanuka haikuwa na pa kwenda ila kusukuma ukuta. Hiyo hukwangua laina na kuinua ukingo wa mfereji wa ringi mpaka ukatike. Kwa injini zenye supachaja, mwanya wa ringi ya juu hupangwa kwa takriban inchi 0.006 hadi 0.007 kwa kila inchi ya kipenyo. Silinda ya inchi 4 itataka milimita 0.61 hadi 0.71. Upime ringi ikiwa ndani ya silinda yake, imenyooshwa kwa pistoni iliyopinduliwa, kwa fila geji. Kisha tumia fila geji hiyohiyo kupima nafasi ya ringi ndani ya mfereji: mfereji uliopanuka au kulegea huifanya ringi ipepee, na ringi inayopepea haizibi.

Uso wa juu wa pistoni hukueleza mwako. Ukiwa na vishimo vidogo kama umepigwa mchanga, hasa pembeni, na ukingo wa ringi umevunjika, injini imekuwa ikigonga. Thibitisha kwa kutoa beringi ya juu ya konrodi hiyo, ile inayobeba pigo la mwako: kama imesagika au imesambaa, shinikizo lilipita kiasi. Vile vipande vya beringi kwenye filta vinatoka hapo. Tundu katikati lenye kingo zilizoyeyuka ni habari nyingine: mafuta yaliwaka kabla ya cheche. Methanoli huvumilia sana kugonga lakini huwashwa kirahisi na sehemu yenye joto kali, iwe plagi isiyofaa au ukingo mkali kwenye chumba cha mwako. Na pembe iliyoliwa hadi kwenye ringi, plagi yake ikiwa nyeupe kavu, ni silinda iliyokosa mafuta. Kagua nozeli ya silinda hiyo kabla ya kuagiza chochote.

Kukosa mafuta kuna chanzo ambacho sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kukikumbuka. Pampu ya mafuta ya kimekanika huzungushwa na injini. Inatoa kiasi kilekile kwa kila mzunguko, Nairobi au Mombasa. Hewa ya pwani ni nzito kuliko ya Nairobi kwa zaidi ya asilimia kumi. Injini iliyopangwa kule juu na kushushwa bila kubadilisha jeti na bila kugusa puli za supachaja itapata hewa zaidi kwa mafuta yaleyale. Timu za Marekani zililijua hilo vizuri: uwanja wa Bandimere karibu na Denver, ambao NHRA ilikimbia kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ulikuwa kwenye kimo cha futi 5,800 hivi, karibu sawa na Nairobi, na baada yake ziliteremka hadi Seattle na Sonoma karibu na usawa wa bahari.

Ukuta wenyewe

Silinda ipime kwa geji ya saa katika vimo vitatu: chini kidogo ya mahali ringi ya juu inapogeukia, katikati, na chini. Kila kimo pima mara mbili, upande wa msukumo na upande wa kranki. Tofauti ya juu na chini ni mteremko. Tofauti ya pande mbili ni uduara uliopotea. Silinda ikitoka kunolewa upya, wajenzi wa injini za mashindano hulenga tofauti isiyozidi kama sehemu moja ya mia ya milimita. Pima bamba la kukazia likiwa limefungwa juu ya bloku kwa boliti na nguvu ileile ya kichwa cha silinda, kwa sababu boliti zikikazwa laina hupinda, na injini haikimbii bila boliti.

Mstari ambao ukucha unateleza juu yake unaweza kuondoka kwa kunolewa. Unaokamata ukucha, laina ibadilishwe, na hiyo ndiyo faida ya bloku yenye laina. Lakini hakikisha kwanza kwamba ni mstari kweli. Alumini ya pistoni iliyopakazika kwenye chuma hufanana na mkwaruzo mbaya, na chini yake ukuta waweza kuwa mzima. Ikwangue polepole kwa jiwe laini la kunolea. Magadi makali ya kuyeyushia alumini usiyakaribishe, bloku yako nayo ni alumini. Kisha lala chini ya injini sampu ikiwa imetolewa, umulike ncha za chini za laina: nyufa huanzia huko, na kutoka juu huzioni.

Kila silinda iwe na kadi yake: kipenyo kwa vimo vitatu, kipenyo cha sketi ikiwa mpya na leo, mwanya wa ringi, asilimia ya kuvuja, namba ya jeti. Sketi iliyopungua kipenyo bila mchubuko imebonyea, na hilo hulijui bila kipimo cha siku ilipofungwa.

Ukishaifunga upya, ipashe moto taratibu, ifanye mkimbio mmoja, kisha pima kuvuja na ukate filta kabla ya wa pili. Unga mweusi kidogo unaonata kwenye sumaku ni ringi mpya zikikaa mahali pake. Ukiona vipande vinavyong'aa ambavyo sumaku inavikataa, toa sampu palepale.